Muafaka ndio maridhiano? Nauliza kutoka Mwaloni

#1 Binti Mwaloni
Mwangaluka wakuu.

Mimi nauza dagaa kwa jumla hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Wateja wangu wakubwa ni Warundi na Wakongo. Kuna Warundi wawili, huu mwaka wa tisa nawauzia. Wanakuja pamoja, wanakodi fuso moja hadi Kabanga, ushuru wanachangia, na siku mmoja akipungukiwa hela mwenzake anamjazia. Ukiwaona utasema wamenyonya ziwa moja.

Juzi mmoja kafiwa na baba yake. Yule mwingine akanipa bahasha ya rambirambi nimkabidhi. Nikamwambia, si mnapanda gari moja, mpe mwenyewe. Akasema, "Dada, mpe wewe. Mimi pale kwao siwezi kufika." Nikauliza kwa nini. Akasema baba wa yule bwana na baba yake yeye walikuwa kilima kimoja mwaka 1993. Basi. Hakuongeza neno, nami sikuchimba.

Sasa kwenye redio kila siku nasikia nchi fulani imefikia muafaka, wameridhiana, wamesaini, picha zimepigwa. Hawa wangu wana muafaka hadi wa kugawana turubai. Maridhiano ndiyo sijayaona. Wanaosuluhisha vita za nchi wanatafuta kipi hasa kati ya hivi viwili? Na kimoja kinaweza kuzaa kingine?

Mimi nasema hivi: muafaka ni wa wakubwa, maridhiano ni kuzikana. Nipingeni.

#2 Kokoro
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ila dada, gunia la dagaa siku hizi bei gani?

#3 Mzee wa Igogo
Binti, umeuliza ukiwa mahali penyewe pa kuulizia. Vijana wengi hawajui kwamba mazungumzo ya Burundi hayakuanzia Arusha. Yalianzia hapa hapa Mwanza. Aprili 1996, na tena Juni mwaka huo huo, Mwalimu Nyerere aliwaita FRODEBU na UPRONA wakakaa mji huu. Rais Ndadaye alikuwa ameshauawa Oktoba 1993 na nchi ilikuwa inawaka. Mwalimu alitaka vile vyama viwili vikubwa vikubaliane kwanza namna ya kukaa serikali moja. Hawakufika mbali. Julai 25 Meja Buyoya akapindua serikali, na kabla mwezi haujaisha majirani wakakutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo. Mazungumzo yakaja kufufuka Arusha Juni 1998.

Jibu langu ni kwamba Mwalimu alitafuta muafaka. Maridhiano aliwaachia Warundi wenyewe. Huwezi kumwambia mtu amsamehe aliyemuulia mtoto huku bunduki bado inalia nyuma ya nyumba.

#4 Ngosha Magu
Shikamoo Mzee wa Igogo. Mimi 1996 nilikuwa darasa la tano, na Mwanza ninayoikumbuka mwaka ule ni MV Bukoba tu, Mei 21. Hayo mazungumzo hata sikuyasikia. Kumbe meli ilizama katikati ya vikao viwili?

#5 Mzee wa Igogo
Marahaba. Ndiyo, kikao cha kwanza kabla, cha pili baada. Mji mzima ulikuwa msibani. Mimi nilikuwa natafuta ndugu zangu wawili, mmoja tukamzika Igoma, mwingine hatukumpata. Nani angewakumbuka Warundi? Hata leo sijawahi kuona mahali popote mjini pameandikwa kwamba walikaa hapa.

#6 Wakili Bila Kesi
Mzee wangu, kwa heshima, hapo kwenye "aliwaachia wenyewe" tutagombana kidogo. Jina kamili la mkataba uliosainiwa Arusha Agosti 28, 2000 ni Makubaliano ya Amani na Maridhiano ya Burundi. Neno limo kwenye jina. Na itifaki ya kwanza kabisa haigusi vyeo. Inazungumzia asili ya mgogoro, mauaji ya kimbari na ubaguzi. Waliandika kwamba mgogoro ule ni wa kisiasa kwanza, wenye sura nzito ya kikabila, na kwamba unatokana na wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kung'ang'ania humo. Wanasiasa wenyewe walitia sahihi hiyo sentensi! Wakakubali pia iundwe tume ya ukweli na maridhiano.

Sasa tazameni kilichofanyika. Kwa mkataba ule na katiba ya 2005 iliyotokana nao, Bunge ni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, wanawake wasipungue 30. Seneti nusu kwa nusu. Jeshini kabila lolote lisivuke nusu. Hayo yalihesabiwa kama mchele. Tume ya ukweli je? Sheria yake ilipita 2014. Miaka 14! Kwa hiyo dada Binti, mezani huwa wanaandika vyote viwili, ila kimoja kinapewa tarehe na kingine kinapewa aya nzuri.

#7 Sangara Mzima
Asilimia zote hizo na 2015 watu wakakimbia tena. Arusha pana nuksi. Palishindwa Rwanda, pakashindwa Burundi, mkataba ule ule. Na Nyerere alisaini mbele ya Clinton kabisa.

#8 Mzee wa Igogo
Sangara, punguza mwendo. Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999. Aliyemalizia ni Mandela, na Clinton alikuja kushuhudia. Mkataba wa Rwanda ni mwingine, Agosti 4, 1993, serikali ya Rais Habyarimana na waasi wa RPF. Usichanganye mafaili.

#9 Sangara Mzima
Nimepokea, mzee. Sasa umenipa nguvu zaidi. Ule wa Rwanda uligawa kila kitu: askari 60 kwa 40, maofisa nusu kwa nusu, viti vya mawaziri, wakimbizi kurudi. Karatasi safi kabisa. Miezi minane baadaye ndege ya Habyarimana ikatunguliwa ikitoka Dar es Salaam, na mnajua kilichofuata. Kama muafaka ulioandikwa vizuri namna ile ulizaa yale, mnataka nini tena na mikataba?

#10 Wakili Bila Kesi
Muafaka haukuzaa yale, Sangara. Waliopanga yale ni waliouona muafaka kama kaburi lao. CDR, chama cha Wahutu wenye msimamo mkali, hawakupewa nafasi kabisa kwenye ile serikali. Burundi nako, 2000 pale mezani pande 19 lakini wenye bunduki hasa, CNDD-FDD na FNL, hawakuwemo. Ndiyo maana baada ya kusaini watu waliendelea kufa, hadi FDD walipokubali mwishoni mwa 2003, na FNL wakasaini kusitisha vita Dar es Salaam Septemba 2006. Kwangu swali la kwanza si muafaka au maridhiano. Ni nani kaachwa nje ya mlango na ana nini mkononi.

#11 Ngosha Magu
Ila ukimwingiza kila mwenye bunduki, si unafundisha watu watafute bunduki?

#12 Kokoro
Ngosha kauliza, Wakili katoka kunywa maji.

#13 Mwana wa Gungu
Niwape ya Kigoma. Nyumbani kwetu Gungu tumekula na Warundi tangu sijazaliwa. Mei 2015 nilikuwa kibarua kwenye boti, tukawakuta Kagunga, kile kijiji chini ya mlima, maelfu kwa maelfu ufukweni, kipindupindu kimeshaingia. MV Liemba ilikuwa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Kulikuwa na mama mmoja ana ufunguo shingoni, kaufunga kwa kamba ya katani. Nikamuuliza wa nini. Wa nyumba ya Rumonge. Akasema ile nyumba waliipata 2009 baada ya kuikosa tangu mauaji ya 1972, na sasa anaikosa mara ya pili.

Tangu siku ile, nikisikia maridhiano ya Burundi naona shamba la michikichi. Waliokimbia 1972 walirudi wakakuta mtu kalima miaka thelathini na zaidi, kajenga, kazika wazazi wake pale pale. Tume ya ardhi mwanzoni ilikuwa inawabembeleza wagawane. Baada ya 2011 ikageuza, mwenye asili apewe yote. Haya, uamuzi upi hapo ni maridhiano? Ukigawa nusu, aliyekimbia anasema kaibiwa kwa muhuri. Ukimrudishia yote, yule aliyepewa na serikali ya wakati ule anakuwa mkimbizi ndani ya nchi yake. Mnaongelea kusameheana wakati watu hawajajua nani analala wapi.

Binti, waulize wateja wako kama kuna shamba katikati yao. Unaweza kukuta 1993 ni kifuniko tu.

#14 Kokoro
Ule ufunguo umeniharibia karanga.

#15 Mpemba wa Kirumba
Asalaam aleikum. Mnahangaika na Burundi na Rwanda, na maneno yenyewe mnayobishania yana kwao. Sisi Zanzibar tumeyavaa yote mawili.

Muafaka wa kwanza Juni 1999, Jumuiya ya Madola ndiyo iliyosuluhisha. Wa pili Oktoba 2001, baada ya watu kuuawa Januari 26 na 27 na wengine kuvuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Ami yangu alikuwa mmoja wao, alirudi na mguu mbovu. Wa tatu ulifia huku huku kwenu kanda ya ziwa, Butiama, Machi 2008, pale CCM walipokaa wakasema iende kura ya maoni kwanza na CUF wakakataa. Yote hiyo ilikuwa ya vyama, ina kamati, ina vifungu, na kila mmoja ana nakala yake ya kumnyooshea mwenzake kidole.

Novemba 5, 2009 Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu ya Zanzibar, wenyewe, hakuna mgeni mezani. Hapo ndipo neno maridhiano liliposhika midomoni mwa watu. Ikaja kamati ya watu sita chini ya mzee Hassan Nassor Moyo, kisha kura ya maoni Julai 31, 2010, asilimia 66 wakasema ndiyo.

Binti kasema kuzikana. Kwetu huo si mfano wa mdomoni. Pemba miaka ya tisini akifa mtu wa chama kile, wa chama hiki hawendi. Duka la yule hununui. Nilikuwa mdogo, nikatumwa sukari, nikapigwa kwa kununua duka silo. Baada ya 2009 ami yangu, na mguu wake ule, alikwenda kumzika sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Nimeona kwa macho yangu.

#16 Ngosha Magu
Halafu 2015?

#17 Mpemba wa Kirumba
Halafu 2015 Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akafuta uchaguzi, na 2016 tukarudi kule kule kwa kutouziana. Sukari ile ile. Nicheke ukitaka, ila usiniambie ile miaka mitano haikuwepo.

#18 Wakili Bila Kesi
Nimerudi kutoka kunywa maji. Mpemba, hadithi yako inanipa mimi ushindi, samahani. Wazee wawili wakipendana, maridhiano yapo. Mmoja akimaliza muda wake, yanaondoka naye. Kilichobaki ni kifungu cha serikali ya umoja wa kitaifa kilichoingizwa kwenye katiba ya Zanzibar 2010. Desemba 2020 Maalim Seif alipokubali tena kuwa Makamu wa Kwanza, hakuhitaji kuomba mtu fadhila. Mlango ulikuwa umeandikwa. Alifariki Februari 2021, na kiti kikajazwa kwa utaratibu ule ule. Karatasi isiyo na moyo ndiyo iliyobaki imesimama.

#19 Mpemba wa Kirumba
Kiti kimejazwa, kweli. Nani kaenda kumzika nani, hilo halimo kwenye kifungu chako.

#20 Kokoro
Wakuu nimeelewa sasa. Muafaka ni kile kivuko cha zamani cha Kigongo, kabla ya daraja. Foleni, ratiba, kikiharibika mnalala Busisi na mbu. Maridhiano ni daraja, unapita tu hata saa nane usiku.

#21 Ngosha Magu
Daraja lenyewe lilichukua miaka mitano kujengwa, na muda wote huo waliokuwa wanatuvusha ni kivuko.

#22 Kokoro
Basi hoja imejijenga yenyewe, mimi nasubiri pongezi.

#23 Dala
Mimi niko Kisumu, nawasoma tu kimya. Kwetu tuliita nusu mkate, ile serikali ya kugawana. Februari 28, 2008, Kofi Annan alikuwa amekaa nao wiki nyingi, Kikwete wenu akaja mwishoni, Kibaki na Raila wakaweka sahihi. Ripoti ya Jaji Waki kuhusu fujo za baada ya uchaguzi ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Mimi nilifukuzwa Naivasha Januari, nilikuwa nafanya kazi kwa mashamba ya maua. Nikapanda lori mpaka kwa shangazi yangu Kondele, na blanketi moja.

Siwezi kudanganya, ile sahihi iliokoa watu. Jioni ile Kondele watu walicheza barabarani. Lakini mkate ulikatwa vipande viwili na sisi hatukuwa hata makombo. Yetu ilikuwa Ajenda namba nne, ile ya ardhi na dhuluma za zamani. Tume ya Ukweli ikakabidhi ripoti Mei 2013, vitabu vizito, Bunge likakalia. Machi 2018 wakubwa, Uhuru na Raila, wakasalimiana tena kwa ngazi za Harambee House, halafu sisi tukaambiwa tusalimiane pia. Nimsalimie nani? Aliyechukua kitanda changu simjui hata jina.

Jirani aliyeenda kambini alipewa shilingi 10,000 ya kuanza maisha. Mimi niliyekaa kwa shangazi nikaambiwa sikuwa kambini, kwa hivyo sikupoteza.

#24 Mura wa Sirari
Dala, pole sana ndugu yangu. Hiyo ya kambi imeniuma.

Mimi kwetu Tarime. Koo mbili zilipigania malisho, mishale na mapanga, wa kwetu walikufa na wa kwao walikufa. Akaja kiongozi mmoja wa serikali na magari, wazee wakaandikishwa mpaka, sahihi, mihuri, soda. Ukadumu msimu mmoja wa mvua. Baadaye wazee wa pande mbili wakakutana wenyewe alfajiri, vijana hatukuruhusiwa kusogea, wakala kiapo. Ninachojua ni kwamba baba alirudi hakuongea mpaka jioni, kisha akatuambia: atakayeanza tena, kitamrudia yeye na uzao wake. Ule wa mihuri tuliuvunja bila kusita. Huu wa wazee hakuna aliyethubutu hadi leo.

Ila kuna jambo linanisumbua. Hatukupatana. Aliyemkata kaka yangu anapita sokoni Sirari, na mimi namwona. Hicho ni kitu gani? Maridhiano au woga?

#25 Sangara Mzima
Woga nao ni amani, mura.

#26 Mwalimu wa Nyegezi
Kuna kitu hamjakigusa. Aprili ile ile ya 1996 ambayo Mzee wa Igogo anaitaja, Afrika Kusini tume ya ukweli ya Askofu Tutu ndiyo kwanza inaanza kusikiliza watu, East London. Hapa Mwanza wanaume wanabishania viti, kule mjane anaeleza jinsi mumewe alivyochukuliwa usiku. Mwezi mmoja.

Lakini msikimbilie kusema wale waliotanguliza maridhiano ndio waliopatia. Tutu alianza kusikiliza miaka miwili baada ya uchaguzi. Wakubwa walikuwa wameshagawana. Joe Slovo, mkomunisti mkubwa, ndiye aliyependekeza 1992 kwamba chama cha makaburu kibakizwe serikalini kwa muda na watumishi wao wasifukuzwe. Bila ule muafaka mchungu kusingekuwa na kiti cha yule mjane kukalia. Na kosa moja watu hulirudia sana: kwamba kule kila muuaji alisamehewa. Walioomba kinga ya kutoshtakiwa ni 7,112. Waliopewa 849.

#27 Dala
Mwalimu, asante kwa hesabu. Na wale elfu sita na kitu ambao hawakupewa, wangapi walishtakiwa? Wachache sana. Familia ya Steve Biko, aliyeuawa mikononi mwa polisi, ilienda kortini kupinga hiyo kinga, ikashindwa 1996. Walioteswa wakalipwa randi 30,000 mara moja, 2003. Aliyetesa alimaliza mambo yake mapema kuliko aliyeteswa.

#28 Mwalimu wa Nyegezi
Hilo siwezi kulibisha.

#29 Baharia Mstaafu
Nimekaa Nacala miaka mitatu nikipakia korosho, kwa hiyo naleta ya Msumbiji, maana hakuna anayeitaja. Hawakuwa na tume. Hawakuwa na mahakama. Walisaini Roma Oktoba 4, 1992, serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, sheria ya msamaha kwa wote ikapita mwezi ule ule, yakaisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Vita ya miaka 16, na mtu aliyechoma kijiji akarudi kukaa kijiji hicho hicho.

Msidhani watu walikaa tu. Vijijini aliyetoka porini alikuwa haingii ndani ya nyumba kabla ya kuogeshwa na kufukizwa dawa, na wazee kuzungumza na wafu. Serikali haikuleta hilo, na wazungu wa Roma hawakuliandika. Niliyepanga kwake alikuwa mmoja wa walioogeshwa. Hakuwahi kunieleza alifanya nini, na jirani zake hawakuwahi kumuuliza. Walimwita kwenye harusi.

Sasa sikilizeni utamu wake: 2013 bunduki zikarudi. Wakasaini tena 2014, tena Agosti 2019. Na waliporudi kupigana hawakupigania yale mauaji ya zamani. Walipigania nafasi jeshini na ugavana. Wa chini kwa ukimya wao walikuwa wameshamaliza. Walioshindwa ni wakubwa kwenye kile kile wanachojidai ndicho kazi yao, kugawana.

#30 Ngosha Magu
Baharia wabeja sana. Umegeuza uzi chini juu.

#31 Mtani wa Songea
Hapa nyumbani mnapita juu ya dhahabu. Wangoni na Wahehe walichinjana karne ya kumi na tisa. Leo ni watani. Hakukuwa na tume wala Roma. Nikifiwa, Mhehe anakuja kulala mbele ya jeneza na kudai hela ndipo tupite. Binti anauliza kuzikana? Sisi adui wa babu ndiye anayesimamia mazishi, tena kwa matusi.

#32 Wakili Bila Kesi
Na ilichukua vizazi vingapi? Na mkoloni aliyewapiga wote wawili humhesabu?

#33 Mtani wa Songea
Ndiyo maana hamualikwi misibani, mawakili.

#34 Sangara Mzima
Mmezunguka sana. Rwanda hakuna aliyepatana na mtu, mmoja alishinda. Baada ya kushinda ndipo Gacaca, zile mahakama za vijijini, ikawezekana, kesi karibu milioni mbili chini ya miti, 2012 zikafungwa. Anayeshinda ndiye anayepanga viti, mengine mapambo.

#35 Binti Mwaloni
Sangara, hiyo ya 1994 unaitaja kama mpira. Mama yangu alikuwa na meza ya samaki hapa hapa. Miili ilikuwa inashuka na mto Kagera hadi ziwani, upande wa Uganda wakawa wanaizika kwa maelfu. Mama anasema kuna majuma watu walipita mbele ya meza yake wakigeuza uso, sangara mnono kabisa analiwa na nzi. Hakuuza. Hakulaumu mtu. Sisi hatukuwa kwenye hiyo vita hata kidogo na ilitufikia kwenye sufuria.

#36 Sangara Mzima
Samahani dada. Kweli nimeongea kama niko kijiweni.

#37 Mzee wa Igogo
Mwacheni, ni kijana, na hoja yake si ya kutupa. Mimi nimekuwa nikisoma kimya na nimelegea kidogo kwenye msimamo wangu wa #3. Kilichonilegeza ni makaburi. Ile tume ya ukweli ya Burundi ilipoanza kufukua, Karusi peke yake mwanzoni mwa 2020 walipata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Wa 1972. Karibu miaka hamsini watu wamelima juu yao. Mwanzoni nilisema bunduki inyamaze kwanza. Ilinyamaza, wakagawana, asilimia zikatimia, na wale wakabaki chini ya mihogo.

#38 Wakili Bila Kesi
Mzee, ongezea kwamba wapo wanaoilaumu tume hiyo kwa kukaa sana kwenye 1972 na kuyapita haraka ya 1993. Makaburi nayo hufunguliwa kwa zamu, na anayepanga zamu ni aliye madarakani.

#39 Mwana wa Gungu
Hapo ndipo nilipokuwa nataka mfike. Kaburi liko kwenye shamba la nani?

#40 Ngosha Magu
Na sisi hapa nyumbani je? Zile R nne za Rais Samia, ya kwanza si ndiyo maridhiano? Imefika wapi?

#41 Msimamizi
Ngosha, hiyo fungulia uzi wake.

#42 Kokoro
Utafungwa kabla karanga hazijaiva.

#43 Mura wa Sirari
Naomba kurudisha swali langu la #24, mliliruka. Kama namwona sokoni na simgusi, na yeye ananiona na hanikimbii, mimi niko upande gani wa ugomvi wenu?

#44 Mpemba wa Kirumba
Umeshawahi kumsalimia?

#45 Mura wa Sirari
Mara moja. Tulikutana kwenye mlango wa duka la dawa, amembeba mtoto ana homa. Nikampisha. Salamu haikutoka.

#46 Dala
Ulimpisha. Mimi nikipata mtu wa kumpisha nitashukuru.

#47 Binti Mwaloni
Nimewasoma wote, ahsanteni. Wengi mmeniuliza bahasha iliishia wapi.

Nilimkabidhi. Akaiangalia, akauliza imetoka kwa nani, nikamwambia. Hakuifungua. Akaiweka mfuko wa shati, siyo ule wa suruali anakoweka hela ya dagaa. Akaniuliza, "Kasema haji?" Nikasema kasema hawezi kufika. Akanyamaza kama dakika nzima, mimi najifanya nahesabu magunia. Kisha akasema, "Mwambie maziko yameshapita. Matanga tunaondoa mwezi ujao."

Nikaenda nikamwambia mwenzake maneno hayo hayo, sikupunguza wala sikuongeza. Naye akanyamaza. Mwana wa Gungu, nilitaka kumuuliza habari ya shamba, mdomo ukakataa. Halafu akauliza kama dagaa wa Ukerewe wameshaanikwa na kama turubai tumelishona, maana lile la safari iliyopita lilivuja upande wake.

Fuso inapakia Alhamisi. Wameagiza pamoja kama kawaida. Kokoro, gunia nitakupa bei ya mwenyeji, ila uje mapema, wakishafika wao hakibaki kitu.